Masharubu ya Shaba

Masharubu ya Mwalimu Pangras Ngailo yalikuwa na matundu ishirini na matatu: kumi na moja upande wa kushoto, kumi na moja upande wa kulia, na moja katikati, chini ya pua. Tusekile Mwakalobo aliyahesabu mara mbili kabla ya kuyatuma kwenye drili, kwa sababu kazi yoyote inayofanywa kwa heshima ya mwalimu wa nidhamu yafaa ifanywe kwa nidhamu.

Hayo yalikuwa mwezi wa tatu. Wakati huo Mwalimu Ngailo alikuwa mzima kama jiwe, sauti yake ilisikika hadi ng'ambo ya bonde, na alikuwa ametoka kumfyekesha Tusekile uwanja mzima wa mpira kwa kosa dogo la kumvisha mbuzi wa shule tai. Tai yenyewe ilikuwa ya Mwalimu Ngailo, lakini hilo ni jambo la pembeni.

Katika Shule ya Ufundi Mlimawingu, kila mwanafunzi wa kidato cha nne alisanifu kisemeo kimoja kabla ya kupewa cheti. Kisemeo kilikaa nyuma ya sikio la mtu aliyepoteza kauli, kikasikiliza mishipa yake ya fahamu, kikanena kwa niaba ya ulimi. Ndani yake mlikuwa na ubao wa sakiti mdogo kama nusu ya biskuti, wenye ghorofa nane za shaba zilizobanwa pamoja kama chapati zilizopangana. Umeme ulipanda na kushuka kati ya ghorofa hizo kwa kupitia matundu membamba yaliyopakwa shaba ndani. Wanafunzi waliyaita visima.

Na kila msanifu alikuwa na haki ya kuchimba kisima cha shukrani. Hiki hakikuunganishwa na waya wowote wala hakikufanya kazi yoyote duniani. Kilitobolewa kwa heshima ya mtu aliyekusaidia kufika hapo, na jina lake likaandikwa katika daftari la karakana. Desturi hiyo ilikuwa kongwe kuliko paa la bweni. Mashine ya ukaguzi, iliyokuwa ikipekua kila waya na kila kisima kwa ukatili wa msimamizi wa mtihani, ilifundishwa tangu zamani kuvipita visima vya shukrani bila kuvitazama. Nani anakagua shukrani?

Hakuna mahali palipoandikwa kwamba shukrani iwe moja tu. Tusekile alitafuta. Alitafuta kwa bidii ambayo hakuwahi kuionyesha katika somo lolote. Alipohakikisha, alichimba ishirini na tatu, kwa mpangilio wa masharubu, kisha akaandika katika daftari: "Kwa Mwalimu P. Ngailo, kwa yote aliyonitendea."

Fundi Sundi Kazimoto, mkuu wa karakana, aliyasoma maneno hayo akavua miwani.

"Umekua, Tusekile," alisema.

"Najitahidi, Fundi," Tusekile akajibu, macho chini.

Mwezi wa tano kiharusi kilimwangusha Mwalimu Ngailo mbele ya ubao wa darasa, chaki mkononi. Alipona miguu, akapona mkono, lakini kauli haikurudi. Hospitali ya wilaya ilifungua kabati la visemeo na kuchukua kilichofuata kwenye foleni. Siku Mwalimu aliporudi shuleni, Tusekile aliona nyuma ya sikio lake namba ya kisemeo alichokisanifu yeye mwenyewe.

Hakusema. Kisima kisicho na waya ni tundu tu, alijiambia. Tundu halina dhambi.

*

Asubuhi ile shule nzima ilikuwa mstarini. Ukungu ulikuwa haujaondoka. Mwalimu Ngailo alipanda jukwaani taratibu, akashika mkongojo, akawatazama.

"Wanafunzi," kisemeo kikasema. Sauti ilikuwa yake ileile, maana hospitali iliikusanya kutoka kwenye kanda za mahafali. "Simameni wima."

Wakasimama wima.

"Jamani, hawa watoto walivyokonda," sauti ikaendelea, chini kidogo, kama mtu anayesema na nafsi yake. "Nimewakumbuka. Nilidhani nitakufa bila kuwaona tena. Asante, Mungu."

Wanafunzi mia tatu waliacha kupumua. Mwalimu Ngailo mwenyewe alionekana kushtuka kuliko wote. Alikohoa, akaunyoosha mkongojo kuelekea mstari wa nyuma.

"Nani yule hajachana nywele?" akanguruma. Kisha chini: "Ni Haule. Ana akili sana yule mtoto. Sijawahi kumwambia."

Laurensia Haule, rafiki wa Tusekile wa kufa na kuzikana, alijishika kichwa kwa mikono miwili. Haikujulikana kama alikuwa akizificha nywele au akiizuia akili isimponyoke.

Juma lile shule iligeuka. Mwalimu Ngailo alikwenda jikoni kukagua sufuria, akamwambia mpishi kwamba zinahitaji kusuguliwa, halafu chini kwa chini akamwambia kwamba ugali wake ndio uliomfanya atake kupona. Mpishi alilia hadi maharage yakaungua, na hakuna aliyelalamika. Alimwambia mgonga kengele kwamba kwa miaka tisa amekuwa akiisikiliza kengele yake kwa furaha. Alimwambia mkuu wa shule kwamba anamheshimu, jambo ambalo mkuu wa shule mwenyewe hakuwa na uhakika nalo.

Muuguzi kutoka hospitali alikuja, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa hekima. "Kiharusi humbadilisha mtu," alisema. "Wengine huwa wakali. Wenu amelainika. Shukuruni."

Walishukuru. Na kwa kuwa daftari la karakana lilionyesha wazi nani alisanifu kisemeo hicho, shukrani zote zilimwangukia Tusekile. Mkewe Mwalimu, Mama Ombeni, aliyesimamia zahanati ya shule, alimletea bakuli la viazi vya kukaanga hadi bwenini.

"Mikono yako ibarikiwe, mwanangu," alisema, akaishika kweli mikono yenyewe. "Jana nilifunga dirisha, basi, dirisha tu. Akasema asante, Mama Ombeni, unanitunza. Thelathini na moja, miaka! Nimepika, nimefua, nimezaa, nimezika wazazi wake. Sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Kumbe lilikuwamo."

Tusekile alikula viazi. Alivimaliza vyote, bila kuinua macho.

*

Siku ya kumi na tisa alitumwa kuchukua boksi la chaki kwenye stoo ya vitabu. Mlango ulikuwa umerudishiwa. Ndani, nyuma ya makabati, mtu alikuwa akisema.

"Saba mara sita, arobaini na mbili. Saba mara saba, arobaini na tisa."

Tusekile akasimama. Akachungulia kati ya vitabu vya Jiografia. Mwalimu Ngailo alikuwa ameketi juu ya boksi, uso kwenye viganja.

"Saba mara nane, hamsini na sita," sauti ikasema kwa nguvu, kama mtu anayesukuma mlango ili usifunguliwe. Kisha, chini: "Nimeshakuwa mwehu. Kama baba. Baba naye alianza hivi, kusema ovyo mbele za watu. Saba mara tisa, sitini na tatu. Barua iko mfukoni, Ijumaa nampa mkuu wa shule, naacha kazi, naondoka kabla sijamwaibisha mke wangu. Saba mara kumi, sabini. Usifikiri, Pangras. Hesabu tu. Usifikiri."

Akaanza upya, saba mara moja.

Tusekile alirudi nyuma kwa ncha za vidole, akatoka bila chaki. Shule nzima ilikuwa ikimsikiliza mtu huyu kwa siku kumi na tisa na kumcheka kwa upendo. Hakuna aliyeuliza kwa nini siku hizi anakula peke yake.

*

"Nionyeshe," alisema Laurensia.

Walikuwa karakanani, wakati wa mapumziko ya saa nne, ramani ya ubao ikiwa imekuzwa kwenye kioo cha meza. Tusekile alizifunua ghorofa moja moja kwa kidole.

"Ghorofa nne za chini ni za mawazo. Kila kinachompitia mtu kichwani kinapita humu, kizuri na kibaya. Nne za juu ni za kauli. Katikati ni hii." Alionyesha bamba pana, jekundu. "Sakafu ya shaba. Haipitishi kitu. Wazo likitaka kuwa neno, lazima lipitie lango hili hapa, lango la hiari, mwenyewe akiamua. Visima tisa tu ndivyo vinavyoivuka sakafu kwa ruhusa, na vyote viko langoni."

"Na masharubu yako?"

"Yameivuka sakafu katikati ya uwanja."

"Lakini hayana waya."

"Ndivyo nilivyojidanganya." Tusekile alisogeza picha ikawa kubwa zaidi. "Kisima kikivuka sakafu, lazima sakafu ikatwe duara kukizunguka, kisije kikaigusa. Kila kisima na uwanja wake mdogo. Kimoja hakina neno. Mimi nimevipanga karibu karibu ili masharubu yaonekane mazuri. Tazama, viwanja vimegusana."

Laurensia akatazama. Pale palipotakiwa kuwa na matundu ishirini na matatu katika sakafu, palikuwa na ufa mmoja mrefu, uliopinda kwa madaha kila upande.

"Umeipasua sakafu," Laurensia akanong'ona.

"Mawazo yanapanda kwa ufa. Hayahitaji kugusana ili yaambukizane, yakikaribiana tu inatosha. Anachofikiri kwa nguvu kinapenya juu, na kisemeo kinakisema."

"Kwa hiyo yale yote, kuhusu akili yangu..."

"Ni ya kweli. Ila hakukusudia uyasikie."

Laurensia alichungulia mlangoni kama kuna anayesikia.

"Tuse, sikiliza. Ukisema, cheti huna. Umechezea kifaa cha mgonjwa, watakufukuza mchana kweupe na begi lako. Na nani atafaidika? Watu wamefurahi. Mpishi kafurahi, Mama Ombeni ndiyo kabisa. Mimi mwenyewe nimefurahi. Shule nzima imefurahi kasoro mtu mmoja."

"Huyo mtu mmoja ndiye mwenye kichwa," alisema Tusekile.

Kengele ikalia. Ilikuwa Jumatano.

*

Alimkuta Mwalimu palepale stoo. Alibeba ramani iliyochapwa kwenye karatasi kubwa, maana alijua akiisema tu kwa mdomo atapata njia ya kuipindisha.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Na chini: "Kafuata nini huyu, ataona nimelia. Saba mara mbili, kumi na nne."

"Mwalimu, wewe si mwehu. Ni kisemeo kibovu, na aliyekiharibu ni mimi."

Akatandaza karatasi juu ya mabunda ya vitabu. Mwalimu Ngailo aliivuta miwani. Aliitazama kwa muda mrefu, akifuata matundu kwa kidole kutoka kushoto hadi kulia.

"Haya ni masharubu," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ya nani?"

"Ya kwako, Mwalimu."

Tusekile akaeleza yote: kisima cha shukrani, mashine isiyokagua, ufa. Alieleza kwa haraka, na hakuruka kitu. Mwalimu hakumkatiza. Lakini ile sauti ya chini haikuwa na adabu hiyo.

"Nitamfukuza," ilisema. "Leo hii. Mshenzi mkubwa. Siku kumi na tisa. Siku kumi na tisa ninajificha na mabuku kama panya, nikidhani akili yangu imeoza kama ya baba." Ikakwama. Ilipoanza tena ilikuwa imebadilika. "Kumbe si akili yangu. Ee Mungu, si akili yangu. Ni mtoto mjinga. Asante. Asante, Mungu, ni mtoto mjinga tu."

Tusekile hakuwahi kuitwa mjinga kwa shukrani namna ile. Mwalimu Ngailo alitoa barua mfukoni, akaichana vipande vinne, akavirudisha mfukoni kwa sababu alikuwa adui wa takataka. Kisha akasimama kwa mkongojo, akaitumia sauti yake ya kukusudia.

"Utaadhibiwa, Mwakalobo."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Vibaya sana." Na chini: "Lakini asifyeke. Nyasi bado hazijaota tangu mara ile."

*

Fundi Sundi alisikiliza akiwa amesimama, miwani mkononi. Hakumfokea Tusekile. Alifungua daftari la karakana, akasoma tena yale maneno ya mwezi wa tatu, akalifunga. Tusekile angependelea kufokewa.

"Njia ya kawaida ni kubadilisha ubao," Fundi akamwambia Mwalimu. "Lakini nyuzi za kisemeo zimeshaota, Mwalimu. Zimejifuma na mishipa yako. Kubadilisha ubao ni kuzikata zote na kusubiri ziote upya. Kati ya watano, kwa mmoja hazioti tena."

"Na huyo mmoja?"

"Hasemi tena."

"Sitabadilisha," alisema Mwalimu Ngailo, na sauti ya chini ikaongeza, mbele ya wote: "Naogopa."

Fundi Sundi alijifanya hakusikia. Wote walikuwa wameanza kujifunza adabu hiyo.

"Fundi," alisema Tusekile. "Tusiutoe ubao. Tuvizibe visima vikiwa palepale."

"Kuziba kisima hakuzibi ufa."

"Tukivipanua kwanza. Tunatoboa kutoka juu kwa drili pana kuliko ule uwanja, tunashuka mpaka kwenye sakafu, tunasimama hapohapo. Kisha tunajaza uji wa shaba. Uji ukiganda unaishika sakafu pande zote. Kila kisima kinakuwa kiraka, na viraka vikigusana, ufa umekwisha."

Fundi Sundi aliichukua ramani. Midomo yake ilikuwa ikihesabu vipimo.

"Chini ya sakafu kuna nini?" aliuliza Mwalimu.

"Ghorofa ya mawazo," alijibu Fundi, macho kwenye karatasi. "Tukipitiliza kwa unene wa unywele tunaikata. Lakini njia si mbaya. Kwa kweli, si mbaya hata kidogo." Akainua mikono yake miwili, akaitazama kama mali ya mtu mwingine. Miaka arobaini ya tindikali ilikuwa imezifisha ganzi ncha za vidole vyake. "Mashine kubwa haiwezi kufanya kazi kichwani mwa mtu. Inatakiwa drili ya mkono, na mkono unaohisi."

Mwalimu Ngailo aligeuka pole pole.

"Ulitoboa mwenyewe?" akamuuliza Tusekile.

"Nilichora mwenyewe, Mwalimu. Najua kila kimoja kilipo hata nikifumba macho."

"Usifumbe macho," alisema Mwalimu. Halafu, chini: "Mungu nisaidie, ni huyu aliyemvisha mbuzi tai yangu." Halafu tena kwa sauti ya juu, kila neno likitoka kwa kupimwa: "Atoboe yeye. Kesho, saa tatu."

*

Mama Ombeni alimngoja mlangoni mwa karakana asubuhi ile. Alikuwa amevaa khanga mpya, kama mtu anayekwenda harusini au msibani. Mavazi ya shughuli hizo mbili hayatofautiani sana.

"Ameniambia," alisema. "Usiku kucha amekuwa akiniambia, hata pale alipotaka kunyamaza."

"Nisamehe, Mama."

"Nikusamehe nini? Umenipa siku ishirini." Alitazama pembeni, akamshika Tusekile mkono, akaukaza. "Mwanangu, ulimweleza kwamba tundu moja halina neno. Ufa unatokana na mengi. Si ndivyo?"

"Ndivyo, Mama."

"Basi niachie kimoja. Kidogo tu. Atakuwa na siri zake, sitaki siri zake. Nataka ile asante tu, ikipenya siku moja moja. Nani atajua?"

Hakuna ambaye angejua. Mashine ya ukaguzi isingekitazama, kwa sababu kilikuwa kisima cha shukrani. Tusekile alifungua mdomo ajibu, lakini Fundi Sundi akaita kutoka ndani.

*

Walimlaza Mwalimu kwa ubavu, kichwa kikibanwa kwa mito ya mchanga, kifuniko cha kisemeo kikiwa wazi. Kwenye lenzi, masharubu yalimeta, madogo, mazuri sana. Tusekile alikiri moyoni kwamba ilikuwa kazi nzuri, kisha akaona aibu, kisha akaweka drili.

"Mwalimu, usihesabu saba mara saba," alisema Fundi. "Waza chochote. Tunahitaji kusikia kama inapungua."

"Nitajitahidi," alisema Mwalimu. Na chini, bila kujitahidi kabisa: "Mkono wake usitetemeke. Ana miaka mingapi huyu? Kumi na saba. Mimi nikiwa kumi na saba sikuweza hata kukamua ng'ombe."

Kisima cha kwanza. Drili ililia kama mbu. Tusekile alihisi shaba ya sakafu ikigusa ncha, ugumu mdogo sana, kama jino linapokutana na kichangarawe ndani ya wali. Akasimama. Akaingiza uji wa shaba kwa sindano, akaumulika taa ya buluu mpaka ukaganda. Akaanza cha pili.

Baada ya visima sita sentensi zilianza kukatika. Baada ya kumi na moja, upande mzima wa kushoto, yalibaki maneno mawili matatu, yakielea. "...chai... Ombeni hajaandika... mguu unawasha..." Jasho lilimshuka Tusekile kwenye nyusi, na Fundi Sundi akawa anamfuta bila kuambiwa, kwa upole, kwa kitambaa cha kufutia lenzi. Kitambaa hicho hakikuwahi kuruhusiwa kugusa kitu kingine chochote kabla ya siku hiyo. Tusekile alijua anasaidiwa na mtu ambaye yeye mwenyewe alimdanganya, na kwamba hakuna aliyemlazimisha mtu huyo. Alishukuru kimya kimya, na mkono ukatulia.

Kisima cha kumi na tisa kilikuwa kibaya. Drili iliteleza, ikashuka. Tusekile aliinyanyua kabla hata ya kujua kwamba ameinyanyua.

"Mwalimu?" Fundi akaita. "Mwalimu, sema neno."

Kimya. Mama Ombeni, aliyekuwa ameketi kwenye kiti karibu na mlango, alishika khanga yake kwa mikono miwili.

"Neno lipi?" alisema Mwalimu Ngailo kwa sauti yake ya mstarini.

Tusekile akaiweka drili upya. Akaendelea. Ishirini. Ishirini na moja. Ishirini na mbili.

Kikabaki cha katikati, chini ya pua.

Sauti ya chini ilikuwa nyembamba sasa, haifiki kwa Fundi wala kwa mgonjwa mwenyewe. Tusekile aliisikia kwa sababu sikio lake lilikuwa juu ya kisemeo. "...Mama Ombeni," ilisema. "...kaja na khanga mpya... asante..." Hapo ikapotea.

Alisimamisha drili hewani. Kule kwenye kiti Mama Ombeni hakuwa anamtazama. Alikuwa akitazama sakafu, kwa makusudi, kama mtu aliyekwishaomba na hataki kuomba tena.

Ingekuwa rahisi kukiacha. Na ingekuwa wema pia, ndiyo taabu yake. Lakini Tusekile aliijua shukrani ya kughushi. Aliichimba mwenyewe mara ishirini na tatu, akaiandika kwa mwandiko mzuri, na Fundi akavua miwani kwa kuisoma. Hii ya mwalimu haikuwa ya kughushi. Ilikuwa ya kweli kabisa, na ndiyo maana haikumpasa mtu kuichota kwa mrija wakati mwenyewe amelala.

Akashusha drili. Akasimama penye shaba. Akajaza, akamulika. Mama Ombeni alifumba macho.

"Tayari," alisema Tusekile.

Fundi Sundi alifunga kifuniko, akamketisha Mwalimu, akajisogeza mbele yake.

"Mwalimu, fikiria jambo lolote baya kunihusu mimi."

Kimya.

"Baya zaidi."

Kimya. Lakini masharubu, yale halisi, yalicheza kidogo pembeni. Fundi Sundi akaanza kucheka, akacheka hadi akashika meza, na Tusekile naye akajikuta anacheka na kulia kwa pamoja, bila utaratibu wowote.

Mwalimu Ngailo hakucheka. Alimgeukia Tusekile akamtazama. Tusekile akangoja ile sauti ya chini imwambie kama amesamehewa au amekwisha, na sauti haikuja. Uso ule ulikuwa umefungwa kama ofisi siku ya Jumapili. Kwa mara ya kwanza katika siku ishirini hakujua kabisa mtu huyu anawaza nini. Alishangaa kuona kwamba moyo wake umejaa shukrani kwa sababu hiyohiyo.

"Mwakalobo," alisema Mwalimu.

"Abee, Mwalimu."

"Utakwenda kwa mkuu wa shule sasa hivi, umweleze kila kitu kama ulivyonieleza mimi. Hilo la cheti ataamua yeye. Nami nitakuja baadaye kusema langu, na sitakwambia ni lipi."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Fundi Sundi, nawe tupishe kidogo. Mama Ombeni abaki."

Mama Ombeni alikuwa ameshainuka ili atoke na wengine. Akasimama katikati ya chumba, mkono mmoja bado umeshika pindo la khanga, kama msichana aliyeitwa ubaoni bila kujua swali.

Tusekile alitoka, akauvuta mlango nyuma yake. Fundi Sundi aligeukia upande wa bomba kwenda kunawa. Nyuma ya mlango sauti ilianza, ya polepole, yenye vituo virefu, sauti ya mtu anayeokota maneno moja moja na kuyapima kabla ya kuyatoa. Tusekile aliacha njia ya kokoto iliyopita chini ya dirisha, akakata moja kwa moja katikati ya uwanja, akaongeza hatua, na alipoona bado anaweza kusikia, akakimbia.